Dakika moja inayoamua uhai wa kichanga

KUTOKA Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo, hadi Hospitali ya Taifa Muhimbili iliyoko Upanga ni mwendo wa kilomita chache tu. Mkazi wa katikati ya Jiji la Dar es Salaam anaweza kujifariji kwamba wataalamu na vifaa viko jirani. Hata hivyo, kwa mtoto anayezaliwa bila kupumua, mwendo huo ni mrefu mno, kwani msaada wake hauna budi kuanza ndani ya dakika moja.

Wataalamu wa afya ya watoto huiita dakika hiyo "dakika ya dhahabu".

Mtoto akiwa tumboni hapumui kwa mapafu. Hewa ya oksijeni humfikia kwa damu ipitayo katika kondo la nyuma na kitovu, huku mapafu yake yakiwa yamejaa majimaji. Anapozaliwa na kulia, hewa huingia, majimaji hunyonywa na mishipa ya damu ya mapafu hufunguka. Iwapo uchungu umechukua muda mrefu au kitovu kimebanwa, mtoto huweza kuzaliwa akiwa amelegea na kimya.

Inakadiriwa kuwa katika kila watoto 10 wanaozaliwa, mmoja huhitaji msaada wa namna fulani ili aanze kupumua. Wengi huamka kwa kukaushwa, kupewa joto na kusuguliwa mgongo. Kumning'iniza kichwa chini au kumpiga makofi hakumsaidii, bali kunaweza kumdhuru.

Asipopumua baada ya hapo, mkunga humwekea kinyago mdomoni na puani na kuminya kifuko cha hewa mara 40 hivi kwa dakika, akiangalia kama kifua kinapanda. Kifaa hicho hakihitaji umeme wala chumba cha wagonjwa mahututi.

Tanzania ilianza kuwafundisha wakunga wake stadi hizo mwaka 2009 katika hospitali 8, chini ya mpango wa kusaidia watoto wachanga kupumua ulioandaliwa na Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani na washirika wake. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kuwa vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47.

Jambo lililogusa wengi zaidi ni kwamba idadi ya watoto walioandikwa kuwa wamezaliwa wafu, ambao miili yao haikuwa imeanza kuharibika, nayo ilipungua kwa asilimia 24. Maelezo mojawapo ni kwamba baadhi ya watoto wa aina hiyo hawakuwa wamekufa. Moyo ulikuwa ukidunda, ila hakuna aliyewapa pumzi.

Aidha, utafiti uliofanywa katika Hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, ulibaini kuwa mafunzo ya siku moja peke yake hayatoshi. Wakunga walifanya vizuri mbele ya mwanasesere, lakini mwenendo wao haukubadilika wodini. Mazoezi mafupi ya mara kwa mara, yaliyofanyika papo hapo kazini, ndiyo yaliyopunguza vifo.

Kwa wakazi wa mjini, funzo ni kwamba kuwa karibu na hospitali kubwa si kinga kwa anayejifungulia nyumbani au ndani ya teksi iliyokwama kwenye foleni. Mjamzito anashauriwa kuhudhuria kliniki, kuchagua mapema mahali pa kujifungulia, kuandaa usafiri na kuondoka mara uchungu unapoanza. Ni haki yake pia kuuliza kama kituo hicho kina kifuko na kinyago cha ukubwa wa mtoto mchanga, na kama wapo wanaojua kuvitumia usiku na mchana.

Baada ya kurudi nyumbani, mzazi ahesabu pumzi za mtoto akiwa ametulia, kwa dakika nzima. Mtoto wa chini ya miezi miwili akivuta pumzi mara 60 au zaidi, kifua kikibonyea ndani, akiguna kila anapopumua, midomo ikigeuka rangi ya bluu au akishindwa kunyonya, apelekwe hospitali mara moja, bila kusubiri kupambazuke.