Waliochota Maji Walijua

Wengi wetu tunatafuta utukufu wa Mungu katika moto na wingu tu, kama kwenye mlima Sinai. Lakini fungueni Yoane sura ya 2. Kule Kana ya Galilaya divai iliisha katikati ya arusi. Aibu kubwa kwa wenye karamu! Yesu aliambia watumishi wajaze maji mitungi sita ya mawe. Maji yakawa divai. Mkubwa wa karamu alionja, hakujua imetoka wapi. Waliochota maji ndio walijua. Yoane anasema hapo Yesu alionyesha utukufu wake.

Baba unayetoka shimoni na vumbi, mama mwenye ndoo kichwani, usiseme: Mungu amenipita. Jaza mtungi wako.