Midoli ya Mkono Mmoja

Mwana hiti hakuandikiwa mradi. Mwanasesere huyu mdogo wa mti, asiye na mikono wala miguu, mwenye nywele zilizochongwa mafungu mawili kichwani, ametoka mikononi mwa Wazaramo, Wakwere, Waluguru, Wakutu na jirani zao wa upande wa Kilosa: Wakaguru, Wasagara na Wavidunda. Mwali aliyewekwa ndani alikabidhiwa amlee. Alimwogesha, akampaka mafuta, akamvisha shanga, akajizoeza umama kabla umama haujafika. Hakuwa kitu cha sokoni. Hata hivyo leo wanasesere hao wamo katika makabati ya vioo ya makumbusho ya Ulaya, wanagombewa na wakusanyaji, na mwaka 1990 Marc Felix alitoa kitabu kizima kiitwacho Mwana Hiti. Kabla yake, mwaka 1956, Hans Cory alikuwa amechapisha kitabu juu ya sanamu za udongo zilizofundishia vijana unyagoni na jandoni Tanganyika.

Nayataja haya kwa kuwa siku hizi mazungumzo ya ufundi wa mikono huanzia kwenye andiko la mradi, kana kwamba kabla ya andiko hapakuwa na kitu.

Huku nyuma dunia imerudi kwenye midoli kwa mlango mwingine. Mwaka 1999 Michael Lau wa Hong Kong alionesha midoli aliyoibuni mwenyewe, vijana wa mitaani wenye viatu na mavazi ya wakati ule, na watu wazima wakaanza kununua midoli ya kuweka rafuni, si ya kumpa mtoto. Mtindo ukasambaa. Labubu, kiumbe mwenye meno aliyebuniwa na Kasing Lung na kuuzwa na kampuni ya Pop Mart, ameufikisha mbali zaidi: Juni 2025 mdoli wake mmoja wenye kimo cha mtu uliuzwa mnadani Beijing kwa yuan milioni 1.08. Nyuma ya vishindo hivyo wapo watu wengi wasiojulikana sana. Mbunifu mmoja, chumba kimoja, midoli 20 au 50 ya umbo moja, kila mmoja na namba yake na saini chini ya unyayo. Huyo ndiye ninayemwaza ninapoitazama Mikumi, wilayani Kilosa.

Kwenye karatasi hakuna mahali panapomfaa zaidi. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa 1964, ina kilometa za mraba 3,230, na barabara kuu ya kwenda Iringa, Mbeya hadi Zambia inaipasua kwa karibu kilometa 50. Mji wa Mikumi uko mwisho wa hifadhi, penye njia panda ya kwenda Kidatu na Ifakara. Una chuo cha VETA. Kilosa, makao makuu ya wilaya, imepata stesheni ya reli ya kisasa. Misitu ya miombo imezunguka kote. Mshauri mwelekezi angejaza ukurasa wa fursa kabla chai yake haijapoa.

Tuanze na mti, maana hapo ndipo maandiko mengi hukwama.

Wilaya ya Kilosa ina historia ndefu ya miradi ya misitu kuliko wilaya nyingi. Kati ya 2009 na 2014 palikuwa na MKUHUMI, mpango wa kupunguza hewa ya ukaa itokanayo na ukataji wa misitu, kwa fedha za Norway, na wanakijiji wakapokea malipo ya majaribio kwa kuhifadhi msitu. Mwaka 2012 ukaja mradi wa mkaa endelevu kwa ufadhili wa Uswisi, ukiendeshwa na mashirika ya uhifadhi wa misitu, TFCG pamoja na MJUMITA, katika vijiji kama Ulaya Mbuyuni, Ihombwe na Msimba. Kitaalamu ulikuwa mradi uliofikiriwa vizuri: sehemu ya msitu wa kijiji inagawanywa vitalu vya mita 50 kwa 50, vinavunwa kwa kurukana, visiki vinaachwa vichipue, na kitalu kinarudiwa baada ya miaka 24. Ushuru uliingia kwenye akaunti ya kijiji, na vijiji vikajenga na kukarabati kwa fedha zao, jambo ambalo wengi wetu tulikuwa hatujalizoea kuliona. Kisha mwaka 2019 zikatoka kanuni mpya za uvunaji, Tangazo la Serikali namba 417, zikaongeza ngazi za idhini juu ya kijiji. Sheria ya Misitu ya 2002 ilikuwa imekipa kijiji msitu wake. Kanuni zikakirudisha kijiji kwenye foleni ya wilaya. Waliotunga mradi hawakukosea hesabu ya miti. Kilichohama ni kalamu ya mwenye kuidhinisha.

Sasa mtengeneza midoli anaingiaje hapo? Kwa shida. Utaratibu wote wa mazao ya misitu, usajili wa mfanyabiashara, leseni, hati ya kusafirishia, mbao kugongwa nyundo ya afisa misitu, umekatwa kwa kimo cha lori. Fundi anayehitaji kipande cha mninga chenye urefu wa mkono hana mahali pake katika fomu. Akikata tawi porini ni mkosaji. Akinunua gogo kwa njia ya kificho ni mkosaji zaidi. Njia iliyo wazi na halali anaipita kila siku: karakana za maseremala. Kila kitanda na kila fremu ya mlango huacha vipisi, na vingi huishia jikoni. Vipisi hivyo vimeshalipiwa ushuru na, muhimu zaidi, vimeshakauka. Barabara ya Ifakara nayo hupitisha mitiki, kwani tangu 1992 kampuni ya Kilombero Valley Teak imekuwa ikipanda miti hiyo katika bonde la Kilombero.

Kukauka si jambo dogo. Mti mbichi ukichongwa huonekana mzuri siku ya kufunga mafunzo, picha inapigwa, cheti kinatolewa. Miezi michache baadaye, ndani ya nyumba inayopashwa moto wakati wa baridi ya Ujerumani, mdoli unapasuka kutoka shingoni hadi kiunoni. Mnunuzi hatarudi, na hatasema kwa nini. Mpingo ndio mgumu kuliko yote kwa jambo hili: hukauka taratibu sana, na wachongaji wenye subira hupaka nta kwenye ncha za gogo na kuliweka kivulini kwa muda mrefu. Mafunzo ya siku 5 hayana nafasi ya kusubiri gogo. Kwa hiyo kipisi cha seremala, japo kidogo na cha maumbo ya ajabu, ni mwalimu bora kuliko gogo. Ukubwa wake ndio unaoamua kimo cha mdoli, na ubunifu unaanzia hapo. Nywele zinaweza kuwa za katani, zao lililowahi kutawala mashamba ya Kimamba.

Upande wa soko andiko huandika neno moja, watalii, na kuendelea na aya nyingine. Ukifika barabarani unaona mambo mengine. Basi la Mbeya halisimami ndani ya hifadhi kwa ajili ya sanaa, wala haliruhusiwi. Mtalii anayetoka Zanzibar kwa ndege ndogo hushuka kwenye uwanja ulio ndani ya hifadhi, huona simba na viboko, na wengi hurudi jioni ileile bila kuuona mji wa Mikumi. Tangu treni ya umeme ianze safari mwaka 2024, wengine hushukia Morogoro, wakapakiwa garini hadi hifadhini. Mji uko upande wa pili wa hifadhi. Wageni wamo wilayani, lakini hawapiti mlangoni pa fundi.

Na wakipita, watakuta nini? Vibanda vya zawadi katika njia zetu za watalii vimejaa tembo yuleyule, twiga yuleyule, Mmasai yuleyule mwenye mkuki. Ni bidhaa za haki, zinalisha familia, sizibezi. Ila hakuna anayekusanya kitu ambacho kibanda cha jirani kinacho 40. Mkusanyaji hutafuta mkono wa mtu fulani.

Hapa ndipo naona tatizo lenyewe la miradi yetu ya ufundi: inaona kikundi tu. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, imejengwa kwa kiasi kikubwa juu ya kikundi chenye katiba, mwenyekiti, katibu na akaunti. Kwa kilimo cha mboga au ufugaji wa kuku ni busara, kwa kuwa wanachama hudhaminiana. Mdoli wa sanaa haukubaliani na utaratibu huo. Watu 5 wakigawana umbo moja, huyu akachonga kichwa na yule akapaka rangi, watatoa kazi nyingi na sare, na mfadhili atafurahi kuhesabu. Mkusanyaji atapita.

Historia ya uchongaji nchini inalisema hili waziwazi. Umaarufu wa vinyago vya shetani haukutokana na semina. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Samaki Likankoa, mchongaji Mmakonde, alitoa umbo ambalo halikuwapo, na Mohamed Peera, mfanyabiashara wa Dar es Salaam, akaona linauzika. George Lilanga, aliyefariki 2005, alichonga na kupaka rangi watu wa mti wenye masikio makubwa na macho ya kutoka, kazi ambazo zingewekwa rafu moja na midoli ya Hong Kong bila mtu kushangaa. Naye alitokea Nyumba ya Sanaa, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1972 na Sista Jean Pruitt. Yaani palikuwa na taasisi, palikuwa na paa na vifaa, lakini paa hilo halikumtaka Lilanga achonge kama jirani yake. Nadhani huo ndio mradi unaofaa kuigwa, na ndio usioigwa.

Kuna jambo jingine linalonishangaza. Kichezeo hai zaidi katika vijiji vya njia hii ni gari la waya. Watoto wanaokua wakitazama malori ya Zambia hutengeneza malori yao kwa waya, vibati na kandambili zilizokatwa magurudumu, na usukani mrefu unaopinda kweli. Kila mtoto ana toleo lake na anajua la nani lina breki. Huo ni ubunifu kamili: umbo, vifaa, ufundi, sifa ya mtengenezaji. Sijaona andiko lililoanzia hapo. Tunapendelea kuleta mkufunzi.

Kwa mtu aliyekwisha kuamua kuanza peke yake, mambo kadhaa ya kiofisi ni mepesi kuliko anavyodhani. Mpingo umo katika orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, pamoja na karibu jamii yake yote tangu Januari 2017, lakini bidhaa zilizokamilika zenye mti usiozidi kilo 10 kwa mzigo mmoja hazidaiwi kibali cha mkataba huo; risiti ya mti bado ni lazima. Umoja wa Ulaya una masharti makali ya usalama wa vichezeo vya watoto, ila kazi ya wakusanyaji iliyoandikwa wazi kuwa ni ya wenye miaka 14 na zaidi haiingii humo. Picha na mchoro wa umbo vina ulinzi chini ya sheria ya hakimiliki ya 1999. Namba na saini hazigharimu chochote isipokuwa uaminifu: ukisema midoli ni 30, iwe 30, hata mnunuzi wa thelathini na moja akija na fedha taslimu.

Afisa maendeleo ya jamii unayesoma haya, siku akija mtu mmoja na mdoli mkononi, usimrudishe akatafute wenzake 4 wa kujaza fomu. Mwulize mti ameutoa wapi na umekauka muda gani, kisha mtafutie kona ya karakana na mlango wa hoteli moja ndani ya hifadhi.