Mvua na Upepo Mlimani: Jihadhari na Kupoa kwa Mwili

Huko Uingereza kuna vyama vingi vya watu wanaotembea kwa miguu vilimani siku za mapumziko. Hawaachi hata majira ya baridi, Desemba hadi Februari, mvua ikinyesha na upepo ukivuma. Wana sababu njema. Kutembea huimarisha moyo, husaidia kushusha shinikizo la damu na kumwondolea mtu upweke. Lakini kila dawa ina kipimo chake.

Tarehe 14 Machi 1964, watu 240 walianza mashindano ya kutembea kilometa 72 hivi katika vilima vya Derbyshire. Wengi walikuwa skauti vijana. Njiani wakakutwa na mvua na upepo mkali. Waliofika mwisho ni 22 tu, na vijana watatu walikufa kwa baridi. Hawakuwa wazee wala wagonjwa.

Daktari Griffith Pugh, aliyekuwamo katika msafara wa Everest wa mwaka 1953, alichunguza vifo hivyo. Alionyesha kuwa nguo iliyolowa ikipigwa na upepo hupoteza sehemu kubwa ya uwezo wake wa kutunza joto. Tena mtu akichoka hupunguza mwendo, na mwili hautengenezi joto la kutosha. Basi hupoa upesi.

Dalili zake ni zipi?

Joto la kawaida la mwili ni nyuzi 37 hivi. Likishuka chini ya 35, mtu yumo hatarini. Kwanza hutetemeka. Kisha hubaki nyuma ya wenzake, hujikwaa, hushindwa kufunga vifungo, hunung'unika bila sababu na maneno yake hayaeleweki. Mara nyingi mwenyewe husema, "Mimi sina neno." Msimsadiki! Akiacha kutetemeka na hali bado ana baridi, msidhani amepona. Hapo hali imezidi kuwa mbaya.

Tumsaidieje?

1. Msimameni wote. Mtoeni kwenye upepo na mvua.
2. Mwekeeni kitu chini, kwa maana ardhi nayo hunyonya joto.
3. Mkiwa mahali penye kinga, mvueni nguo zilizolowa, mvisheni kavu, mfunikeni hadi kichwani, uso ukiwa wazi.
4. Kama ana fahamu na anaweza kumeza, mpeni chai ya moto kiasi yenye sukari nyingi, na chakula.
5. Msimsugue mikono na miguu, wala msimpe pombe. Pombe humfanya aone joto huku mwili wake ukizidi kupoa.
6. Mshikeni polepole, na tumeni watu kuita msaada. Akizimia na kuonekana kama amekufa, msikate tamaa. Wapo waliorudi baada ya kupashwa joto hospitalini.

Kinga ni bora kuliko tiba

Watembeaji wenye busara husikiliza kwanza utabiri wa hali ya hewa. Huvaa sufu badala ya pamba, maana pamba hulowa na kukauka kwa shida. Juu yake huvaa koti lisilopitisha maji wala upepo. Hubeba nguo kavu ndani ya mfuko wa plastiki, chakula cha ziada, tochi na filimbi. Filimbi ikipigwa mara sita kwa dakika moja, kisha kimya dakika moja, ndiyo ishara ya kuomba msaada. Huondoka asubuhi mapema, kwa kuwa mwezi wa Desemba huko jua hutua karibu saa kumi jioni. Mwendo huwa wa yule aliye dhaifu kuliko wote. Na hali ikichafuka, hugeuka nyuma bila kuona aibu. Mlima hauhami.

Tusidhani mambo haya ni ya Wazungu peke yao. Mwenye kijana anayesoma Ulaya, amweleze. Na wale wanaopanda Kilimanjaro kama wapagazi au waongozaji wanajua kuwa mvua ya kule juu si mvua ya bondeni: kila ukipanda meta 1,000, joto hupungua nyuzi sita hivi. Kabla hajaondoka, muulize mwanao swali moja tu: nguo kavu umebeba?