Altezza ya baba imeanza kugonga chini: Kipi kibadilishwe kwanza?

KUNA magari ambayo familia huyarithi bila kupanga. Kijana ananunua Toyota Altezza akiwa bachela, anaipenda kwa mwendo wake, miaka inakwenda, anaoa, na gari lililokuwa la kuzunguka mjini na marafiki Jumapili sasa linabeba watoto wawili, mabegi ya shule na mahitaji ya nyumbani. Gari ni lile lile. Walioongezeka ni abiria, na zilizochoka ni raba zilizo chini yake.

Altezza ilianza kuuzwa Japan mwaka 1998, ikatwaa tuzo ya gari la mwaka nchini humo kwa msimu wa 1998-1999, na utengenezaji wake ukakoma mwaka 2005. Kwa hiyo hata iliyo changa kuliko zote si changa tena. Injini zake mbili, ya silinda nne na ya silinda sita, zinajulikana vizuri kwa mafundi wa Dar es Salaam na hazikosi mtu wa kuzishughulikia. Kinachosahaulika ni miguu.

Na miguu ya gari hili si ya kawaida. Altezza ilitengenezwa kama gari la michezo lenye milango minne, hivyo kila tairi, mbele na nyuma, limeshikwa na mikono miwili ya chuma, mmoja juu na mwingine chini. Mpangilio huo unalifanya tairi likanyage barabara sawasawa hata gari linapolala kwenye kona. Ndiyo raha yenyewe ya kuiendesha. Lakini kila mkono una maungio yake, na kila ungio lina bushi ya raba au boljointi. Gari dogo la kawaida lenye mhimili mmoja wa nyuma lina bushi chache tu huko nyuma. Altezza ina nyingi, na zote zina umri mmoja.

Raba haizeeki kwa kilometa peke yake. Huzeeka pia kwa joto, kwa oili inayodondoka juu yake, na kwa kukaa tu. Ni kama kiatu cha soli ya raba kilichofichwa kabatini kwa ajili ya sikukuu. Siku unakivaa, soli inabaki sakafuni. Ndiyo maana gari lililotunzwa, lenye kilometa chache, linaweza kuwa na bushi zilizopasuka kuliko unavyodhani.

Mama mmoja wa Tabata ndiye aliyegundua tatizo la gari la mumewe, ingawa yeye haliendeshi kila siku. Aliona matairi yaliyonunuliwa mwezi Machi yamekwisha upande wa ndani ifikapo Agosti, huku upande wa nje yakiwa bado na vidole vyake. Mume akasema ni matairi mabovu. Mke akamwambia, "Baba, na mbona ukikanyaga breki inavuta kushoto? Hilo nalo ni tairi?" Gereji ya kwanza waliyokwenda iliwauzia matairi mengine mawili na kuwaruhusu. Ile ya pili ilinyanyua gari, fundi akatikisa tairi la mbele kwa mikono yake, akamgeukia mama: "Shemeji, ungekuja mwezi ujao ungekuja na breakdown." Boljointi ya chini ilikuwa inacheza.

Hapo ndipo jambo hili linapoacha kuwa la starehe. Shokapu ikichoka, gari linadunda, na tairi linalodunda halishiki lami. Ukifunga breki kwenye barabara yenye mabonde unahitaji nafasi ndefu zaidi kusimama. Bushi ikikatika, tairi linageuka kidogo lenyewe unapokanyaga breki. Lakini boljointi ikichomoka, tairi linalala, usukani unakuwa wa bure, na dereva hana la kufanya. Ikitokea ukiwa unaingia getini umepona. Ikitokea Kibaha, ukiwa na lori mbele na watoto nyuma, ni habari nyingine.

Je, utajuaje ukiwa nyumbani? Kipimo kinachojulikana ni kukandamiza kona moja ya gari kwa nguvu, kisha kuachia. Gari linapaswa kupanda na kutulia. Likiendelea kunesa, shokapu imekwisha. Kipimo hiki ni kizuri kwa magari laini, ila kwa Altezza kinaweza kukudanganya kwa sababu springi zake ni ngumu na hazinesi sana hata shokapu ikiwa mbovu. Afadhali uiname utazame. Shokapu iliyolowa oili imevuja, na haina dawa. Sikiliza pia. Mlio mwepesi wa "gogo-gogo" kwenye vijishimo vidogo mara nyingi ni linki za stabilaiza, ambazo ni rahisi na hazitishi. Mlio mmoja mzito unapokanyaga breki au unapoondoka ni wa kuangaliwa haraka.

Kama gari linavuta upande mmoja, breki zikaguliwe kabla ya kununua chochote. Kalipa iliyokwama nayo huvuta vilevile, na wapo watu waliobadili bushi zote kisha gari likaendelea kwenda kushoto.

Kukagua boljointi ni kazi ya fundi. Fundi anayejua ataweka jeki chini ya mkono wa chini wenyewe, ili uzito wa springi usizibane boljointi zikaonekana nzima, halafu atalitikisa tairi kwa juu na chini. Kutikisa kushoto na kulia ni kwa ajili ya tairodi endi. Na mtu yeyote, hata mtoto anayetaka kuona baba anafanya nini, asiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Ziwepo stendi za chuma. Tofali la saruji hupasuka bila kutoa taarifa.

Fedha hazitoshi, tuanze wapi?

Kwa familia nyingi, kubadili kila kitu kwa siku moja haiwezekani. Basi kuna mpangilio ambao mafundi makini hukubaliana nao. Boljointi na tairodi endi ni za kwanza, kwa kuwa zikikatika hakuna nafasi ya pili. Kisha shokapu, na hizi hubadilishwa mbili mbili, za mbele pamoja au za nyuma pamoja, maana ukiweka mpya kulia na kuacha ya zamani kushoto, gari litakuwa na tabia mbili. Bushi za mikono zinafuata. Linki za stabilaiza zinaweza kusubiri, ingawa makelele yake ndiyo humkera dereva kuliko yote, na ndiyo maana watu wengi huanza na hizo.

Kuhusu spea, mtu akienda Gerezani au Kariakoo atakutana na maneno matatu: orijino, mchina na used ya Japan. Hiyo ya mwisho ndiyo inayowanasa wengi. Mkono wa chuma uliotumika Japan, kama haujapinda, hauna shida. Lakini shokapu au bushi iliyotolewa kwenye Altezza iliyovunjwa ina umri ule ule wa uliyo nayo. Unanunua uzee wa mwenzako. Mkono uliotumika ununue, bushi ziwe mpya, zishindiliwe kwa presi, si kwa nyundo.

Vijana watakushauri uweke bushi za polyurethane, zile ngumu za rangi. Zinadumu na gari linakuwa kali kwenye kona, ni kweli. Vilevile zinaleta mtetemo wa barabara hadi kwenye kiti, na zikikosa grisi hulia kama kitanda cha chuma. Kwa gari linalopeleka watoto shule, nashauri raba ya kawaida. Na anayetaka kukata springi ili gari lilale chini, ajue kwamba shokapu zitafanya kazi zikiwa zimebanwa muda wote, na kila tuta la mtaani litazipiga ngumi.

Sasa kuna jambo ambalo mafundi wengi hulikosea, na mwenye gari anaweza kulisimamia hata kama hajui kushika spana. Bushi ya raba imegandishwa kwenye chuma chake, ndani na nje, haizunguki, inajipinda. Fundi akikaza nati za mikono gari likiwa juu na matairi yananing'inia, raba inafungwa ikiwa katika mkao huo. Gari likishuka, raba inajipinda hapo hapo na kukaa imejipinda siku zote, imeegeshwa au inatembea. Inachanika kabla ya wakati wake, kisha lawama wanapewa Wachina. Nati zinapaswa kushikizwa tu, gari lishushwe likalie uzito wake, ndipo zikazwe mwisho. Muulize fundi kabla hajaanza. Akikushangaa, tafuta mwingine.

Pia usikubali springi ifungwe kwa kamba au waya ili shokapu itolewe. Springi iliyobanwa ina nguvu ya kuua, na kuna kifaa maalumu cha kuibana. Gereji isiyokuwa nacho ikaazime.

Kazi ikiisha, gari liende alaimenti siku hiyo hiyo au kesho yake, na iwe ya matairi yote manne, kwa kuwa Altezza inarekebishwa hata nyuma. Waambie wakupe karatasi ya vipimo vya kabla na baada. Ukibadili vifaa kwa awamu, utalazimika kurudia alaimenti kila mikono au tairodi endi zinapoguswa, gharama ambayo watu husahau kuiweka kwenye hesabu. Ukiwa hapo, soma tarakimu nne za mwisho ubavuni mwa tairi: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Miguu mipya kwenye tairi kongwe ni kazi nusu.

Baada ya wiki mbili hivi rudi nati zikaguliwe tena, hasa kama njia ya kwenu ni ya vumbi na makorongo.

Wale wa Tabata waligawa kazi yao. Boljointi zote na tairodi endi walizilipa Septemba kwa fedha iliyotengwa kwa rangi ya nyumba. Shokapu za mbele wakazifanya Novemba. Za nyuma na bushi zinasubiri Februari, ada za Januari zikishapita, na hadi hapo wamekubaliana gari lisitoke nje ya mji. Mume bado ana picha kwenye simu ya springi fupi nyekundu alizoziona dukani. Mke amemwambia azifute.