MBEGU ZA MBONO: HATARI KWA WATOTO WETU

Nyuma ya nyumba, kando ya mifereji na penye takataka, mbono huota bila kupandwa na mtu. Majani yake ni kama kiganja kilichofunguliwa. Ndani ya tunda lenye miiba laini mna mbegu tatu zinazong'aa, zenye madoadoa, mfano wa kupe aliyeshiba. Watoto huzipenda kwa mchezo.

Wengine watasema: mama zetu walitunywesha mafuta ya risini na hatukufa! Ni kweli. Sumu haikai katika mafuta. Hubaki katika makapi, na moto huiharibu. Mbegu mbichi ni jambo lingine. Ikimezwa nzima, pengine hupita tumboni bila kufunguka. Ikitafunwa, sumu hutoka.

Sumu hiyo yafanya nini? Mwili wetu umejengwa kwa seli, vyumba vidogo visivyoonekana kwa macho. Seli ni kama kiwanda chenye mashine nyingi mno za kutengeneza protini. Chembe moja tu ya risini ikiingia humo, yaweza kuharibu mashine zaidi ya 1,500 kwa dakika moja. Kiwanda kinasimama. Ndipo seli inajipa amri ya kujibomoa yenyewe, kama watu wanaovunja karakana tofali kwa tofali. Amri hiyo tumezaliwa nayo: vidole vya mtoto aliye tumboni mwa mama hutengana kwa sababu seli za katikati hufa kwa njia hiyo hiyo. Mwaka 1972 wataalamu Kerr, Wyllie na Currie waliita kifo hicho apoptosi. Risini huiamsha amri mahali isipotakiwa, kwanza katika matumbo.

Kazi hiyo huchukua saa nyingi. Mtoto aliyetafuna mbegu asubuhi aweza kucheza vizuri hadi mchana, kisha akatapika na kuharisha, hata damu. Basi mama, usingoje dalili, wala usimtapishe. Mpeleke kwa munganga mara moja, pamoja na mbegu zilizobaki. Dawa ya kuiua sumu hii haipo. Munganga atampa maji kwa mshipa na kumlinda, na wengi wanaofikishwa mapema hupona.

Nanyi akina baba, mkitoka zamu, ng'oeni mibono iliyo karibu na watoto kabla matunda hayajakauka. Yakikauka hupasuka na kurusha mbegu mbali.