SAMIA SKOLASHIPU: KUOMBA AU KUTOOMBA

Kijana wa Shinyanga au Geita aliyefaulu vizuri sana masomo ya sayansi kidato cha sita huweza kuvutwa na machimbo ya dhahabu, akihofia deni la chuo kikuu. Ifahamike kuwa Samia Skolashipu, iliyoanzishwa mwaka 2022, si mkopo. Mwajiriwa aliyekopeshwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi hadi deni liishe. Ufadhili huu haurejeshwi. Huwalenga wanaojiunga na sayansi, uhandisi, hisabati na tiba. Hata hivyo, kufaulu pekee hakutoshi: mwenye sifa hana budi kuomba mwenyewe, kwa wakati, kupitia Bodi ya Mikopo. Wazazi wanashauriwa kuipima hesabu hiyo kabla kijana hajashika sururu.