Mchezo wa Subira katika Kompyuta

Mtu anayejifunza kompyuta mara nyingi huzijua karata zilizomo kabla ya kujua kuandika barua. Ndivyo ilivyo hapa Bujumbura, katika ofisi za mjini, katika nyumba za intaneti za mitaani, na hata katika vyumba vya kompyuta vya shule, ambamo mashine ni chache na wanafunzi ni wengi. Walimu wengine, wakiona hivyo, huifuta michezo yote wasiache hata mmoja. Wanafunzi hunung'unika, na walimu hushika neno lao. Naona kila upande una haki yake, lakini ugomvi huu hautakwisha mpaka tujue michezo hii ilitoka wapi, iliwekwa ndani ya mashine kwa kazi gani, na kwa nini ile ya siku hizi si sawa na ile ya zamani.

Tuanze na mchezo wenyewe. Waingereza huuita kwa jina lenye maana ya subira. Wafaransa huuita pia kwa jina lenye maana ya kufaulu. Kompyuta nazo huuita Solitaire, yaani mchezo wa mtu aliye peke yake. Majina hayo matatu yaeleza habari yote: mtu yuko peke yake, yampasa kusubiri, na mwisho hufaulu au hukwama.

Namna inayojulikana zaidi ni ile iitwayo Klondike. Karata ni 52. Karata 28 hupangwa katika safu saba: safu ya kwanza ina karata moja, ya pili mbili, na kuendelea mpaka ya saba yenye karata saba. Katika kila safu ile ya juu tu ndiyo iliyofunuliwa. Karata 24 zinazobaki huwekwa kando, zifunuliwe kidogo kidogo. Mchezaji huweka nyekundu juu ya nyeusi na nyeusi juu ya nyekundu, akishuka kwa hesabu: tisa ya kopa yakaa juu ya kumi ya shupaza, nane ya pau yakaa juu ya tisa ya uru. Safu ikiwa tupu, Mfalme peke yake ndiye awezaye kukaa hapo. Kusudi ni kupanga kila aina mahali pake, kuanzia ree, ambayo ni namba moja, na kupanda mpaka Mfalme.

Je, kila mara yawezekana kufaulu? Hapana. Wataalamu waliotumia kompyuta kulipima jambo hili wameona ya kuwa kama mchezaji angezijua karata zote, hata zile zilizofichwa, angeweza kumaliza michezo kama 82 katika kila 100, akifunua karata tatu tatu. Mtu wa kawaida, asiyeona zilizofichwa, humaliza michache sana kuliko hiyo. Basi usijilaumu kwa kila mchezo uliokwama, maana mwingine ulikwama tangu karata zilipochanganywa.

Swali hili la kupima bahati lina historia kubwa, na mwanafunzi wa hesabu yafaa alijue. Mwaka 1946 Stanislaw Ulam, mtaalamu wa hesabu aliyetoka Poland akahamia Marekani, alikuwa akipata nafuu baada ya kuugua, akapitisha siku zake kwa kucheza karata peke yake. Mchezo wake uliitwa Canfield. Akajiuliza nafasi ya kufaulu ni kiasi gani. Alijaribu kupata jibu kwa hesabu tupu, akaona njia ni ndefu mno, kwa maana karata 52 zaweza kupangwa kwa namna nyingi hata idadi yake ni namba yenye tarakimu 68. Ndipo alipopata wazo jepesi: cheza mara mia, kisha hesabu umefaulu mara ngapi. Akatambua tena ya kuwa kazi kama hiyo yaweza kufanywa na kompyuta, ambazo wakati ule ndiyo kwanza zimezaliwa. Alimweleza mwenzake John von Neumann, na kutoka hapo ikakua njia ya hesabu iitwayo Monte Carlo, kwa jina la mahali panaposifika kwa kamari huko Monaco. Njia hiyo ilitumika kwanza katika kazi ya silaha za nyuklia. Leo hutumika katika fizikia, katika mambo ya benki, na katika kupima mionzi ya kutibu saratani.

Kwa hiyo karata na kompyuta ni marafiki wa zamani. Lakini zilipoingia katika mashine za watu wote, ziliingia kwa kazi nyingine, nayo ni kufundisha mkono. Kabla ya miaka ya 1990 watu wengi waliiamuru kompyuta kwa kuandika maneno. Kipanya kilikuwa kitu kigeni. Mtu hakujua namna ya kukishika kitu kwenye kioo, kukiburuta, na kukiachilia mahali pengine. Mwezi wa Mei mwaka 1990 kampuni ya Microsoft ilitoa Windows 3.0, na ndani yake mlikuwa na Solitaire. Kila karata uliyoihamisha ilikuwa somo la kuburuta, na mtu alijifunza bila kujua kwamba anafundishwa.

Programu hiyo iliandikwa na Wes Cherry, kijana aliyekuwa akifanya mazoezi ya kazi katika kampuni hiyo mwaka 1988. Picha za karata zilichorwa na Bibi Susan Kare, yeye yule aliyechora alama za kompyuta ya Macintosh. Yasemwa tena ya kuwa Bwana Cherry aliweka kitufe cha hila: bosi akitokea, mchezaji hubonyeza, na mara kioo huonyesha karatasi ya hesabu za kazi. Wakubwa wake wakamwamuru akiondoe. Basi ugomvi wa mchezo na kazi ulianza kabla mchezo wenyewe haujatoka kiwandani.

Mwaka 1992 Windows 3.1 ilileta mchezo mwingine, Minesweeper, ambao mashine zetu zinazosema Kifaransa huuita Démineur. Huo huzoeza vidole kubonyeza upande wa kushoto na wa kulia wa kipanya. Humo mna mabomu yaliyofichwa ardhini, na namba hukuambia mabomu mangapi yanagusa mraba ulipo. Wako watu waliolalamika kwamba mabomu ya ardhini si jambo la kuchezea, kwa kuwa hukata miguu ya watu kweli. Msomaji wa Burundi, nchi iliyopita katika vita vilivyoanza mwaka 1993, hana haja ya kuelezwa neno hilo. Toleo la Windows Vista, lililouzwa kwa watu wote mwaka 2007, likampa mchezaji nafasi ya kuweka maua badala ya mabomu. Hesabu ya mchezo haikubadilika hata kidogo.

Wa tatu ni FreeCell. Huu uliandikwa kwanza na Paul Alfille mwaka 1978, katika kompyuta za mafundisho za Chuo Kikuu cha Illinois, na baadaye Jim Horne akauandika kwa ajili ya Windows. Humo karata zote zimefunuliwa tangu mwanzo, kwa hiyo akili ina kazi kubwa kuliko bahati. Toleo la Windows 95 lilikuwa na michezo 32,000, kila mmoja na namba yake. Watu wa nchi nyingi waligawana namba hizo wakazijaribu zote. Mmoja tu uliwashinda, nao ni namba 11982, na baadaye kompyuta zikathibitisha ya kuwa hauna njia.

Mashine za makampuni mengine nazo zina michezo yake. Macintosh ya kwanza, ya mwaka 1984, ilikuwa na kifumbo kidogo cha vigae 15 vya kusogeza mpaka namba zikae kwa taratibu. Nyakati za baadaye mashine za Apple zikaja na sataranji. Simu ya Nokia 6110, iliyotoka mwaka 1997, ilileta mchezo wa nyoka ulioandikwa na Taneli Armanto. Nyoka yule alikula, akarefuka, na alipojigonga mwenyewe mchezo ulikwisha. Wazee wetu waliosoma hapa watamkumbuka katika simu zao za kwanza. Linux nayo, ambayo mtu huipata bila kulipa, ina programu iitwayo AisleRiot yenye namna zaidi ya 80 za mchezo wa mtu mmoja. Haihitaji mashine mpya, wala haihitaji intaneti ikisha kuwekwa.

Michezo hiyo yote ina tabia moja: hukaa kimya mpaka uiite, na ukiifunga hunyamaza. Ndiyo maana nasema ya siku hizi ni jamii nyingine. Mwaka 2012 Windows 8 ilitoka bila Solitaire ya zamani, na mwenye kuitaka ilimpasa kuichukua katika duka la intaneti. Tangu Windows 10, ya mwaka 2015, karata zipo ndani tena, lakini zimekuja na matangazo ya biashara. Asiyeyapenda matangazo hutoa fedha yaondolewe. Katika simu za Android hali ni hiyo hiyo, au mbaya zaidi: karata ni bure, kisha kila baada ya mchezo hutokea tangazo la sabuni au la kamari, na simu hukuita asubuhi kwamba zawadi yako ya leo inakungoja.

Sababu yake si ngumu kufahamu. Mwaka 1990 mwenye kampuni alikwisha kupata fedha zake ulipoinunua Windows. Ukicheza saa moja au usipocheza kabisa, kwake ilikuwa mamoja. Leo mwenye mchezo wa bure hulipwa kwa kila tangazo unalotazama, kwa hiyo faida yake iko katika dakika zako. Mchezo wa zamani ulitaka ujifunze uende zako, na huu wa sasa umeundwa ili usiondoke. Nasi hapa twalipa mara mbili, kwa kuwa tangazo lenye picha zinazotembea hula mega ulizozinunua kwa fedha yako, na betri hupungua siku ambayo umeme umekatika na hujui utarudi saa ngapi.

Mfano mzuri uko kwetu nyumbani. Mchezo wa igisoro, unaochezwa Burundi na Rwanda, una mashimo 32 katika safu nne za manane, na mbegu 64. Wachezaji ni wawili, na watazamaji wamewazunguka. Aliyeshindwa huinuka, mwingine hukaa mahali pake. Kwa hiyo mchezo wenyewe humwambia mtu wakati wa kuondoka, na kama hakusikia, watazamaji watamwambia. Mcheza karata wa kompyuta hana mtu wa kumwinua. Yampasa awe mchezaji na mwamuzi pia.

Basi, kabla ya kuuweka mchezo wowote katika simu au mashine yako, uulize maswali matatu. Kwanza, waweza kuchezwa bila intaneti? Jaribu kuzima intaneti ya simu. Ukikataa kufunguka, ujue haja yake si karata. Pili, una mwisho, au kila ukimaliza hukusukuma kwenye mwingine? Tatu, hukaa kimya usipoucheza, au hukuita? Mchezo uliojibu vema maswali hayo ni wa jamii ya zamani, na hauna ubaya.

Kwa walimu wetu nina ombi, kwa heshima. Wanafunzi wengine wapya hawajapata kushika kipanya maishani mwao. Mtoto wa namna hiyo akifundishwa kwa karata saa moja, atajua kuburuta na kuachilia kuliko akihubiriwa juma zima. Tuachiwe mchezo mmoja usio na matangazo, kama ule wa Linux, kwa wiki ya kwanza ya masomo, na baada ya hapo ufungwe saa za darasa. Kwetu wanafunzi, haki hiyo ina deni. Mashine moja ikingojewa na wenzako watatu, mchezo wako mmoja umekula zamu ya mtu anayetaka kuandika kazi yake.

Na wanaopenda hesabu nawapa kazi kwa siku za likizo. Wanafunzi 20, kila mmoja acheze Klondike mara 50, ya kufunua karata tatu tatu, aandike katika daftari kila aliposhinda na kila alipokwama, bila kuficha. Jumla itakuwa michezo 1,000, mara kumi ya ile mia ambayo Ulam aliiwaza. Linganisheni jibu la mwanafunzi mmoja na jibu la wote. Mtaona majibu ya mmoja mmoja yanatofautiana sana, mmoja 4 katika 50, mwingine labda 11, lakini kadiri mnavyojumlisha mingi ndivyo jibu linavyotulia. Anayefahamu kwa nini linatulia amekwisha kuingia katika somo la takwimu. Wanafunzi wa zamani walioko ofisini wanaweza kushiriki, ila wafanye hivyo jioni, kazi ikisha.